Geuza Pakiti Kabla ya Kuwasha Jiko

 

Ndugu wananchi wa Mkolani hapa Mwanza, leo naomba tuzungumze habari za jikoni. Jambo lenyewe halihitaji bajeti wala kikao. Linahusu kikombe cha chai cha asubuhi na kile tunachokitafuna pamoja nacho.

Mnakumbuka maandazi ya mama? Unga aliukanda usiku akauacha uumuke, alfajiri akawasha jiko la mkaa. Sukari aliipima mwenyewe kwa kikombe. Mafuta aliyaona kwa macho yake yakipungua kwenye karai. Ungemuuliza andazi lina nini ndani, angekujibu bila kufikiri, kwa maana mkono uliokanda ndio uliojua.

Siku ambazo unga haukuwepo, tulikunywa chai kwa kiazi kitamu, muhogo wa kuchemsha, au michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyoanikwa tangu mavuno. Hapo hakuna aliyekuwa na shaka juu ya alichokula. Kiazi ni kiazi.

Siku hizi mambo yamebadilika, na mengi yamebadilika kwa heri. Madukani kuna friza. Ndani yake utakuta sambusa zilizofungwa tayari na chapati zilizokwisha kusukumwa. Kwenye rafu kuna unga wa keki ambao unauongezea yai na maji tu. Ukienda maduka makubwa ya mjini, utakuta hata unga uliokunjwa na mafuta tabaka kwa tabaka, unasubiri kuokwa.

Ni nani asiyeushukuru msaada huu? Mama anayefika nyumbani saa mbili usiku, na watoto wanataka kitu cha kubeba shuleni asubuhi, ana haki ya kupumzisha mikono. Mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba kimoja, mwenye jiko dogo la gesi, naye atakanda saa ngapi? Hata nyumbani kwangu pakiti hizi zinaingia. Siwaombi mziache.

Ninaomba jambo moja: kabla ya kuwasha jiko, geuza pakiti usome nyuma.

Kwa nini? Kwa sababu kazi ya kukanda ilipohama kutoka mikononi mwetu kwenda kiwandani, ule ujuzi wa mama nao ulihama. Sasa umebaki kwenye yale maandishi madogo ya mgongoni mwa pakiti. Tusipoyasoma, tunakula bila kujua, na tunawalisha tuwapendao bila kujua.

Basi tuyasome pamoja.

Pakiti nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na hilo lisikutie unyonge. Tafuta kwanza herufi hizi: kcal. Hiyo ni kilokalori, kipimo cha nguvu ambayo chakula kinaupa mwili. Tunaposema kalori katika mazungumzo ya kawaida, tunamaanisha hiyo hiyo. Ukikuta kJ peke yake, igawe kwa 4 na utapata jibu la karibu.

Nguvu hii si adui. Bila hiyo moyo haupigi, mvuvi havuti nyavu, mtoto hakui. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama kilokalori 2,000 kwa siku, zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na mwili wake na kazi yake. Anayebeba mizigo sokoni anahitaji nyingi kuliko anayekaa kwenye kiti kutwa nzima.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Gramu moja ya wanga au sukari inatoa kilokalori 4. Gramu moja ya protini inatoa 4 vilevile. Lakini gramu moja ya mafuta inatoa 9. Shika namba hizo mbili, 4 na 9, na umeshapata ufunguo wa pakiti yoyote.

Sasa mnaona kwa nini vitafunwa vya unga uliokunjwa na mafuta vina kalori nyingi kuliko vinavyoonekana. Ni vyepesi mkononi na vinamomonyoka mdomoni, lakini katika gramu 100 za unga wa namna hiyo unaweza kukuta mafuta gramu 25 au zaidi. Mafuta hayo peke yake ni kilokalori 225, kabla hatujagusa ngano wala sukari.

Linganisheni na vitu tunavyovijua. Gramu 100 za ndizi mbivu zina kama kilokalori 90. Kiazi kitamu cha kuchemsha hakiko mbali na hapo. Mkate wa kawaida uko karibu na 260. Biskuti nyingi zinavuka 450. Tumbo halioni namba hizi. Linaona ukubwa wa kipande, na kipande cha biskuti ni kidogo, basi mkono unarudi tena kwenye pakiti.

Jambo la pili la kutazama ni hili: namba ile imeandikwa kwa kiasi gani? Kwa gramu 100, kwa kipande kimoja, au kwa pakiti nzima? Hapa wengi wetu hukosea, na si kosa la mtu. Maandishi ni madogo na haraka ni nyingi.

Tuchukue mfano. Tuseme pakiti ya sambusa mbichi ina gramu 400 na vipande 12. Nyuma imeandikwa kilokalori 300 kwa gramu 100. Pakiti nzima basi ni 1,200, na kila sambusa ni 100. Umeona ilivyo rahisi?

Lakini subiri kidogo, maana hapa pana jambo ambalo pakiti haiwezi kukuambia. Namba ile ni ya sambusa ilivyo kwenye friza. Haijahesabu mafuta utakayoyamimina wewe kwenye karai. Sambusa moja ikinyonya gramu 5 tu za mafuta, imeongeza kilokalori 45. Ile ya 100 sasa ni 145. Ukila nne umefika 580, zaidi ya robo ya mahitaji ya siku nzima, na bado chakula cha mchana na cha usiku vinakusubiri.

Je, lazima tukaange? Hata asiye na oveni ana sufuria nzito na mkaa. Mama zetu walioka keki kwa moto wa juu na chini miaka yote, na sambusa nayo inaiva hivyo hivyo. Ipake mafuta kidogo juu, funika, weka makaa juu ya mfuniko, na geuza mara moja. Ukiamua kukaanga, subiri mafuta yapate moto sawasawa ndipo utumbukize, kisha zichuje vizuri. Mafuta ya uvuguvugu huingia ndani ya unga zaidi kuliko mafuta yenye moto.

Tatu, soma orodha ya vilivyomo. Kilichoandikwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote, kisha vinafuatana kwa kupungua. Sukari ikiwa ya pili baada ya unga, umeshajua unachonunua. Na sukari ina majina mengi: glukosi, fruktosi, dekstrosi, sirapu. Yote ni jamii moja.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayokula. Kwa mtu wa kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50, kama vijiko 12 vya chai, na kuishia nusu yake ni bora zaidi. Kumbuka hesabu hiyo ina chai, ina soda na ina juisi ya pakiti, wala si biskuti peke yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, chumvi. Shirika hilo linashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku. Vitafunwa vitamu navyo huwa na chumvi, hata kama ulimi hauisikii. Pakiti ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha namba hiyo kwa 2.5.

Tano, aina ya mafuta. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyaomba mataifa yote yaondoe kwenye chakula mafuta mabaya yanayotokana na kugandisha nusu mafuta ya mimea kiwandani, kwa sababu yanaziba mishipa ya moyo. Hupatikana zaidi kwenye mafuta ya mgando na vitu vilivyookwa kwayo. Pakiti ikikutajia mafuta ya namna hiyo, tafuta nyingine jirani yake kwenye rafu. Na ukiona chupa ya mafuta ya mimea inajisifu kwamba haina kolesteroli, ujue hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Sifa hiyo isikufanye umimine mara mbili.

Ndugu zangu, huenda mtu akauliza: tuna shida ngapi hapa mtaani, kwa nini tuhangaike na sambusa?

Swali ni la haki, na jibu lake liko katika familia zetu. Mwaka 2012 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Karibu mtu mmoja katika kila 11 alikutwa na kisukari, na karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa kama 11 katika kila 100. Kufikia utafiti wa 2015 na 2016, walikuwa 28.

Ni nani kati yetu asiye na shangazi au baba mdogo anayekwenda kliniki ya kisukari pale hospitali ya Bugando au Sekou Toure? Tunaijua nauli ya kwenda na kurudi. Tunaijua siku ya kazi inayopotea. Magonjwa haya hayana sababu moja, na pakiti ya keki si mtuhumiwa pekee. Lakini ni mlango ulio karibu na mkono wetu, na mlango ulio karibu ndio wa kuanza kuufunga.

Kuna upande wa pili unaonigusa zaidi. Nchi hiyo hiyo inayoongezeka uzito ina watoto wengi waliodumaa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni wachache kuliko 34 wa miaka saba hivi iliyotangulia, na tumshukuru Mungu kwa hilo, lakini bado ni wengi mno. Mambo haya mawili hukutana hata ndani ya nyumba moja.

Yanakutanaje? Fikiri tumbo la mtoto wa mwaka mmoja. Ni dogo, halizidi sana ngumi zake mbili. Tukilijaza biskuti na chai ya sukari, limejaa na mtoto ametulia, lakini hakuna nafasi iliyobaki kwa uji wenye karanga, dagaa wa kusaga, yai au parachichi. Amepata kalori, hakupata vya kujengea mifupa, damu na ubongo.

Na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Nyanza tuna bahati iliyoje! Dagaa wetu wa Mwaloni, Kirumba, huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo anampa mtoto protini na kalisi kwa pamoja. Tuna sato, tuna kunde, mlenda, majani ya maboga, karanga na viazi lishe vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, inatufundisha kula kutoka makundi sita ya vyakula. Kwa Mkolani, makundi yote hayo yako ndani ya mwendo wa daladala moja.

Basi kila mmoja wetu afanye nini?

Nyumbani, mpeni kazi hii mtoto anayesoma sekondari. Kabla pakiti haijafunguliwa, asome kwa sauti mistari mitano: nguvu, mafuta, sukari, chumvi, na kiasi kwa kipande. Atafsiri, azidishe, agawanye. Bibi atasikia, wadogo watasikia. Hilo ni somo la Kiingereza, la hesabu na la afya kwa wakati mmoja, na halina ada.

Mkishasoma, amueni pamoja idadi ya vipande na mviweke sahanini. Pakiti irudi kabatini. Mkono ukila kutoka kwenye pakiti hauhesabu. Weka pembeni tunda au kipande cha kiazi, ili tumbo lishibe bila kubebeshwa mzigo. Na vitafunwa vya friza viwe vya siku maalumu, za wageni au za haraka, siku nyingine zibaki kwa muhogo, kiazi na uji.

Dukani, ndugu mwenye duka, wewe ni mwalimu wa mtaa hata kama hujapewa chaki. Panga vitu ili maandishi ya nyuma yasomeke. Mtu akikuuliza, mpe nafasi asome bila haraka. Weka ndizi na karanga pale pale karibu na biskuti, mtoto mwenye shilingi mia tano apate cha kuchagua. Na friza ikizimika umeme ukikatika, kilichoyeyuka kisigandishwe tena.

Sasa niseme na akina mama na vijana mnaotengeneza sambusa, maandazi na keki majumbani na kuzifunga kwenye mifuko. Mikono yenu inalisha mtaa huu, na tunajivunia. Je, mfuko wako unasema kilichomo?

Hesabu si ngumu. Chukua unga wa ngano kilo 1, ni kama kilokalori 3,600. Sukari robo kilo, ni 1,000. Pima mafuta kwa mizani kabla ya kukaanga na baada ya kukaanga. Yakipungua gramu 200, ni 1,800. Jumla 6,400. Ukitoa maandazi 40, kila moja lina 160. Andika namba hiyo kwenye karatasi, pamoja na vilivyomo na tarehe ya kutengenezwa. Mteja anayejua anachokula hurudi.

Namba zenyewe zitakuonyesha pa kupunguza. Jaribu kubadili sehemu ya unga kwa viazi lishe vilivyochemshwa na kupondwa. Utamu wake utakuruhusu kupunguza sukari, na rangi yake itawavuta watoto. Nunua unga na mafuta yaliyorutubishwa. Tangu 2013 nchi yetu ina mpango wa kurutubisha vyakula: unga huongezewa madini ya chuma, zinki na vitamini, na mafuta ya kula huongezewa vitamini A. Ukitaka kukua zaidi, waone shirika la viwanda vidogo, SIDO, hapa Mwanza, na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Nendeni kama watu wenye shughuli yao, maana milango ile iliwekwa kwa ajili yenu.

Kazini, tuliozoea kuchangia chai ya saa nne, hatuwezi kubadilisha siku mbili kwa wiki zikawa za matunda, karanga au mihogo? Mtu wa kilo 70 hutumia kama kilokalori 50 kwa kilomita moja ya kutembea. Maandazi mawili na chai ya vijiko vitatu vya sukari ni kama 370, sawa na mwendo wa kilomita zaidi ya saba. Fundi ujenzi anazimaliza kabla ya jua kuwa kali. Sisi wa mezani zinabaki nasi.

Walimu wetu, jaribuni hesabu hizi darasani kwa kutumia pakiti tupu ambazo watoto wataziokota nyumbani. Viongozi wa dini na wa vikundi vya kuweka akiba, nanyi mna mikusanyiko ambako vitafunwa havikosi. Neno moja lenu linafika mbali. Viongozi wa mitaa, Siku ya Afya na Lishe inapokuja kila robo mwaka, tangazeni mapema, na mumwombe afisa lishe aje na mfano wa pakiti mkononi.

Ndugu wananchi, hakuna mzazi wa Mkolani asiyewatakia mema wanawe. Upendo tunao tayari. Tuuongezee nusu dakika ya kusoma.

Naomba tuanze wiki hii. Kila nyumba ichukue pakiti moja, iigeuze, isome mistari mitano, na igawe kwa idadi ya vipande. Kisha mwambie jirani ulichokiona, naye amwambie wake. Mama zetu walijua kilichomo kwenye andazi kwa sababu walilikanda kwa mikono yao. Sisi tutakijua kwa kusoma. Geuza pakiti, ndugu yangu, ndipo uwashe jiko.